Kiatu cha Kushoto

Walipokuja kumchukua Naliaka
kiatu chake cha kushoto kilikuwa mikononi mwangu,
soli imeachama kama mdomo wa kambare,
sindano imeingia nusu.
Akaondoka na malapa.
Weka sahihi hapa, akasema askari.
Nikaweka. Mimi ni fundi viatu wa Webuye:
najua uzi, najua ngozi,
maandishi madogo ya serikali siyajui.

Jirani ndiye aliyepiga simu. Simlaumu.
Siku hizi simlaumu.
Mtoto alikuwa ameungua, kiwiko hadi kiganja,
nami nilikuwa stendi nikidai deni la jozi mbili,
maharagwe yakitokota bila mtu mzima.
Dada yangu alinikabidhi binti huyu kitandani hospitalini
kwa neno moja: Mtunze.
Neno lile halikuwa na muhuri.

Bungoma, kwenye ujia wa mahakama,
Truphosa ana kiti cha plastiki na meza ya mguu mfupi
iliyowekewa kigae isiyumbe.
Mimi si wakili, alitangulia kusema,
ni msaidizi wa sheria, na hulipi.
Nikaanza kujitetea. Akainua kalamu.
"Sufuria uliiacha?"
Niliiacha.
"Basi tuanzie hapo. Hakimu akilifukua mwenyewe
litanuka. Ukilileta wewe, utalishika kwa mpini."

Karatasi niliyotia sahihi akaisoma yote, mpaka nyuma.
Ilikuwa ya kukiri kwamba nimepokea barua.
Hiyo tu.
Wiki tatu nilikuwa nikilala nikidhani nimemuuza.

Tukaandika hati ya kiapo tangu asubuhi hadi wafagiaji walipokuja.
Alinisomea kila mstari kwa Kiswahili,
kisha kwa Kibukusu pale Kiswahili kilipopiga kona.
Niliposema namlea kama mboni ya jicho, akaikata.
"Anaamka saa ngapi? Nani humsuka?
Yeye analala wapi, wewe unalala wapi?"
Damu ikanipanda. Mwanamume asiye na mke
na binti wa miaka saba: nilijua swali linakoelekea.
"Kasirikia hapa," akasema, "kwangu mimi.
Kule ndani ujibu kama mtu anayehesabu misumari."
Basi nikahesabu.
Saa kumi na mbili kasorobo.
Mama Nasipwondi, Jumamosi, shilingi hamsini.
Yeye kitandani, mimi dukani, juu ya mabunda ya ngozi.

Kesi ikatajwa.
Kwetu mtoto mchanga hutajiwa majina ya waliotangulia;
akinyamaza kulia, jina limekubali.
Kesi yangu ilitajwa mwezi wa tatu,
ikatajwa mwezi wa tano, faili halikuonekana,
ikatajwa mwezi wa sita, afisa yuko semina.
Haijanyamaza.

Truphosa akaomba jambo dogo, ukurasa mmoja:
nimwone, Jumamosi, saa mbili tu.
Hakimu akasoma, akapiga muhuri
bila kuinua macho.

Makao yako barabara ya Kimilili, lango la buluu.
Alikuja akiuficha mkono, kisha akausahau, akauonyesha:
ngozi mpya, nyororo, rangi ya guava kwa ndani.
Nikatoa kiatu mfukoni.
Hakikuingia. Kilipungua upana wa kidole gumba.
"Mjomba, kumbe hujamaliza?"
Nilimaliza zamani, nikasema, mguu wako ndio ulionikimbia.
Akacheka. Mlinzi akatazama saa.
Nikampima kwa uzi, nikafunga fundo.

Tarehe kumi na nne itasikizwa, anasema Truphosa.
Hakusema tutashinda; nilimsubiri aseme,
akabaki kupanga nakala zangu, tatu tatu, kingo zikilingana.

Usiku huu nimekibandua kiatu chote.
Soli mpya nimeikata ikapita fundo la uzi,
na mbele, penye kidole kikubwa,
nimeacha nafasi ya kutajwa
mara mbili zaidi.