Wa Thelathini na Tisa

Mtandao wa shule yetu haukai ofisini.
Unakaa juu ya jiwe nyuma ya Gredi ya Nne,
jiwe la Maragoli, kipara, lenye nyufa,
lililowashinda wajenzi wakajenga kando yake.
Mwalimu Mkuu aliugundua siku aliyopanda kutafuta kuku.

Ndiyo maana saa tatu usiku niko huku,
viatu mkononi, simu nimeing'ata,
daftari la jalada la buluu kwapani:
alama za watoto thelathini na tisa.
Mfumo unafungwa saa sita kamili.
Umeniandikia ujumbe mara nne,
hata mara moja haujanisalimu.

Kule bondeni Kisumu imewaka yote.
Hapa kuna nusu mwezi
na betri asilimia kumi na saba.

Naanza. Adagala. Hisabati, tatu.
Kigurudumu kinazunguka, kinazunguka,
kama tetea asiyejua pa kutagia.
Imepokelewa.
Amugune. Imepokelewa.

Kageha. Hapa nasita,
na kosa si la mtandao.
Kageha ana kigugumizi. Miaka mitatu hakunisomea neno,
hadi vilipokuja vishikwambi, kumi na viwili,
vyenye mpira wa kijani pembeni,
vinavyolala kabatini nyuma ya nondo kama mahabusu.
Alichukua kimoja, akaingia nacho chini ya deski,
akajirekodi. Akafuta. Akajirekodi.
Mara ya kumi na nne akaniletea nisikilize:
ukurasa mzima wa habari za kinyonga,
maneno yakikwama, yakijikwamua,
na mwishoni pumzi,
na kicheko alichosahau kukifuta.
Mimi na chaki yangu, miaka ishirini na sita,
hatukuwahi kukipata kicheko hicho.
Kusoma kwa sauti: nne.
Imepokelewa.

Basi msinitie kundi la wanaolaani mashine.

Nafika mkiani. Vugutsa, Elphas.
Mwanafunzi hayupo.
Pengine kidole changu. Naandika tena,
polepole, herufi kwa herufi, kama wa chekechea.
Hayupo.
Hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hana namba,
na asiye na namba hakuzaliwa.

Elphas! Ambaye kishikwambi cha tano kilipozimika
alikibana ubavuni, akahesabu hadi kumi
kwa Kimaragoli, kikafufuka.
Anayenifundisha akijifanya ananiuliza:
"Mwalimu, si ukigusa pale inarudi?"
Anayenuka moshi, maana ndiye mpishi wa wadogo zake.
Aliyekuja Jumatano ile ya mvua ya mawe
tukawa yeye na mimi,
darasa zima.

Rejista yangu haikumdai cheti.
Kila asubuhi ilimwuliza, upo?
Akasema, nipo.
Ikaridhika.

Asilimia nne.
Hongera, unasema mfumo, darasa lako limekamilika.
Limekamilikaje?
Nauelekeza mkono juu, kushoto, kuelekea ziwani,
kana kwamba jina lake limenasa tu kwenye upepo.
Hayupo. Hayupo.
Kisha skrini yenyewe haipo.

Gizani nimebaki na kalamu.
Kesho nitafunga safari hadi Mbale, kwa msajili,
na nyanyake, na kadi ya kliniki kama panya hawajaimaliza,
tupange foleni ya kuthibitisha mtoto.
Sasa hivi sijui la kufanya,
nafanya ninalolijua:
"Vugutsa!" naita, kwa sauti ya saa mbili asubuhi.

Mbwa wa mlinzi anaitikia.

Napapasa ukurasa, naweka kistari
pale ninapodhani ndipo mstari wa mwisho,
kisha nakaa kitako, nateremka jiwe kwa makalio,
daftari nimelikumbatia,
nikihesabu kwa Kimaragoli hadi kumi.