Pamba

Jumanne muuguzi Nafuna alikuja darasa la sita
na chupa ya maji, kizibo kimetobolewa,
pamba nyeupe ndani, sigara moja kinywani mwa chupa.
Hakuhubiri. Alibonyeza, akaachia.
Chupa ikavuta kama mtu.

Kisha akaitoa pamba:
rangi ya chai iliyoungulia sufuriani.
Ikapita dawati hadi dawati,
Masibo akainusa, akatema dirishani.
"Hiyo ni moja," akasema. "Zilizobaki hesabuni wenyewe."

Tukahesabu, sisi watoto wa Webuye
tuliodhani kifua ni cha kukohoa tu.

Jioni baba akanituma kama kawaida
dukani kwa Mama Kakai: "Moja. Uniwashie jikoni."
Nami tangu darasa la nne
nilikuwa nikiiwasha kwa kinywa changu,
pumzi mbili, tatu, nyuma ya jiko,
siri tamu kuliko sukari ya kuibwa.

Leo nimeishika kwa vidole viwili,
nikaigusisha kwenye kaa, nikageuza uso.

Baba akaitazama. Imeshika upande mmoja.
"Nani kakufundisha kuwasha hivi?"

Sikujibu.
Mfukoni mwa kaptura kile kipande cha pamba
kilikuwa bado kinanuka.