Picha ya Jaladani

Waheshimiwa wa kamati,
mmeniita hapa Dublin niseme meli ngapi zinatosha.
Nimevaa sare ya sherehe, inanibana kwapani.
Jina langu Fachtna Ó Drisceoil, fundi wa mitambo,
miaka ishirini na miwili chini ya sitaha;
nusu ya masikio yangu imebaki huko.

Nianze na kitabu chenu.
Sera ya Ulinzi wa Bahari, kurasa mia na arobaini,
karatasi nzito, yanukia duka la saa.
Jaladani meli inapasua wimbi,
povu limepanda hadi kwenye mzinga.
Naijua. Ni Damhnait.
Picha ilipigwa kabla mwanangu hajaota meno.
Sasa mwanangu anasoma vitabu
na Damhnait imefungwa gatini kwa kamba nane,
chaza wamejenga kijiji tumboni mwake.
Kila Jumatatu naiwasha injini ya kushoto,
inanguruma dakika arobaini, naizima,
kama mtu anayemnyoosha mgonjwa miguu.

Inahitaji mabaharia arobaini na sita.
Tuko kumi na watatu, mmoja wetu mpishi.

Hawakufa vitani. Hatuna vita.
Nchi yetu haifungamani na upande wowote,
tumelisema hilo hadi limekuwa salamu.
Waliondoka mmoja mmoja, na sanduku la spana.
Cathal yuko kiwanda cha maziwa ya unga,
mshahara mara mbili, na kila usiku analala kwake.
Sadhbh, aliyekuwa macho yetu kwenye rada,
anakagua vidonge.
Nilimwuliza kama anaikumbuka bahari.
Akasema: harufu yake, ndiyo. Malipo yake, hapana.

Ukurasa wa thelathini na mbili mmechora ramani.
Nchi kavu ndogo, jani la mnanaa
juu ya sinia la buluu. Sinia lote letu, mmeandika.
Na mistari myekundu: nyaya za sakafuni mwa bahari,
zinabeba fedha na sauti za watu wasiotujua,
kila mmoja mnene kama kifundo cha mkono wangu.

Novemba ikaja meli, ikajiita ya utafiti.
Siku tatu ilizunguka juu ya mistari ile
kama mtu aliyedondosha sindano.
Ndege yetu ikaruka, ikaipiga picha, ikarudi.
Wizara ikaandika barua yenye adabu.
Mimi nilikuwa gatini, juu ya meli yenye mzinga,
nimeikodolea rada iliyozimwa,
nikaona aibu ya mwenye nyumba
anayesikia kitasa kikitikiswa usiku
na anachofanya ni kukohoa.

Sasa mnauliza: meli nane, au kumi na mbili?
Mheshimiwa wa mstari wa mbele anataka nyambizi isiyo na nahodha.
Sikatai.
Nani ataipaka grisi?

Mfuko huu wa kushoto una barua.
Notisi ya siku thelathini, bado sahihi.
Kiwanda cha Cathal kinatafuta mtu wa pampu.
Kalamu nilikuja nayo. Nilidhani nitaiweka
hapa mezani, juu ya jalada, juu ya lile povu.

Ila jana asubuhi kuruta mmoja, Muirne,
miaka kumi na tisa, kucha za rangi ya zambarau,
aliweka kiganja kwenye injini ya kushoto
akasema: Inatetemeka vibaya. Beringi ya tatu?
Ilikuwa beringi ya tatu.
Mimi sikuisikia. Nilishawaambia, masikio.

Basi andikeni kwenye kumbukumbu:
shahidi alipoulizwa idadi, alisema hajui.
Alisema Muirne analala chumba chenye ukungu ukutani,
kitanda cha tatu toka mlangoni,
na mkataba wake unaisha mwezi wa nane.
Mkitaka kuhesabu, anzieni hapo.

Barua ningali nayo.
Naomba glasi ya maji.