Lifti ya Sarafu

Ghorofa ya tisa, Tbilisi, mwezi wa Februari,
na lifti haipandi mpaka uilishe sarafu.
Hilo dalali hakulisema.
Alisema jua la asubuhi, joto la gesi, majirani watulivu.

Nina maboksi kumi na moja, godoro,
na sufuria ya presha niliyotoka nayo Cochabamba,
ikavuka forodha tatu ikidhaniwa bomu.
Nyumba ya kwanza nilipewa na kampuni,
ya pili niliipanga kwa pupa,
hii nimeichagua mwenyewe,
basi sina wa kumlaumu.

Safari ya nne, sarafu zikaniishia.
Nimekumbatiana na godoro kama mlevi na mwenziwe.
Bi Natela akachungulia mlangoni,
akanitazama, akalitazama godoro,
akarudi ndani kimya.
Haya, nikasema, ndio watulivu wenyewe.

Akatoka na kopo la kahawa
linalia kama njuga.
Akaingia nami, akatumbukiza, akabonyeza,
akinisemesha Kijojia, nami nikimjibu Kihispania,
hakuna aliyeelewa,
hakuna aliyenyamaza.

Sasa usiku. Balbu bado sijafunga.
Nimekalia boksi lililoandikwa VYOMBO;
ndani mna viatu.
Nahesabu deni lake kwa vidole: saba, au nane,
ile moja ilikwama akaipiga lifti teke.

Alipoaga alinyoosha kidole chini,
kisha akanionyesha kiganja kitupu.
Nilidhani anadai.
Kumbe ananiambia:
kushuka ni bure.