Buti la Kulia

Jumamosi, Wete, robota limefunguliwa,
nami nimeshuka kutoka Konde na mguu mbichi,
ngozi baina ya vidole imekwajuka, nyeupe
kama muhogo uliolala majini.
Masika ya pili haya nalinda msitu wa Ngezi
kwa raba za shule za mwanangu.

Shaame Faki kayapanga juu ya turubali
mabuti ya watu wa theluji:
marefu, mazito, ndani yana manyoya,
utadhani kila moja limemeza mwanakondoo.
"Haya, Mize, haya hayapitishi baridi!"
Baridi ipi, Shaame?
Baridi yetu hupita mlangoni mwezi wa saba,
ikatoa salamu, isikae kitako.
Mie ugomvi wangu na maji.

Nimekuja alasiri makusudi.
Asubuhi mguu husema uongo;
ukishatembea ukavimba, hutaja saizi yake.
Nimevaa soksi mbili. Nimepinda soli:
iliyokatika kama mkate wa juzi nimeirudisha.
Nimepitisha ukucha kwenye mshono,
nimehesabu meno ya chini, nimenusa,
maana gundi mpya ni kidonda kilichofichwa.
Yale ya mpira, meusi, ya mabonde ya mpunga,
nayajua: maji hayaingii,
lakini yakishaingia kwa juu hayatoki,
na humo mguu unapikwa boko boko.

Nikaomba ndoo.
Watu wakacheka. Shaame akaileta shingo upande.
Nikatia jiwe katika kila buti, nikayazamisha
mpaka juu ya kifundo,
nikakaa chini kama anayengoja maharage.
La kushoto likatoa povu, punje, punje,
pale kidole gumba kinapoanzia.
La kulia halikulia.

"Elfu arobaini," akasema.
Moja zima, nikamwambia, jengine gonjwa:
ishirini na tano,
na mpira wa baiskeli wa kulitibu nautoa mwenyewe.
Akaapa. Nikainuka. Akaniita.

Sikumwambia kwa nini ndoo.
Mwezi wa nne, usiku, nilisikia msumeno
upande wa mivule. Nikakimbilia huko
na raba zimejaa maji,
chwapu, chwapu, chwapu,
kila hatua ikinibishia hodi kabla sijafika.
Nilikuta kisiki bado kinatoka utomvu,
popo wanazunguka juu wakilitafuta tawi lao,
na kandambili moja kwenye tope,
kamba yake imefungwa kwa waya mwekundu.

Waya ule naujua.
Niliukata mimi, kwa koleo langu,
siku shemeji alipokuja kuazima.

Nimeitundika ukumbini, kwenye msumari wa kalenda.
Keshakuja mara tatu kunywa kahawa.
Huitazama, akauliza tarehe.
Namtajia.

Nimeyang'oa manyoya; paka kayahamia.
Ndani kabisa, kwenye pua ya buti la kulia,
nimekuta jani kavu la mti nisioujua,
lina ncha tano kama kiganja cha mtoto.
La mtu aliyepanda mlima kwa raha zake tu,
akashuka, akakuta chai mezani.
Sikulitupa. Nimelirudisha pale pale,
vidole vyangu havilifikii.

Kiraka kimeshika. Usiku wa leo mvua,
ile ya kumwaga kwa beseni.
Nimevaa, nimefunga kamba mpaka juu,
nimelizunguka banda la kuku mara mbili.
Hakuamka hata mmoja.