Kete ya Pembeni

Saa saba mchana Memorial hupoa.
Wanunuzi wa mitumba wamekwenda kula,
jua limekaa juu ya maturubai kama mdai,
nami nafunika cherehani,
navuka mfereji kwenda kwa Ndekirwa, muuza viatu.

Ubao wetu ulikuwa mlango wa kabati.
Kete ni vizibo vya soda:
vyake chali, vyangu kifudifudi.

Miaka mitatu nimelala kifudifudi.
Nikifungwa nacheka,
nacheka mapema, kabla ya kete ya mwisho kuliwa,
ili asitokee wa kunicheka kwanza.
"Mchezo tu," nasema, "tunasukuma mchana."
Na Ndekirwa hupanga upya bila kuniangalia,
kama anayerudisha kwenye kamba
viatu vilivyojaribiwa visinunuliwe.

Siku hiyo Anaeli wangu, miaka tisa,
alikuwa juu ya robota na muhogo wake mkononi.
"Mama, mbona unacheka kama umekanyagwa?"
Nikamwambia anyamaze, ale.
Lakini swali lilinifuata hadi Pasua,
likalala kati yangu na ukuta.

Asubuhi nikafungua daftari la vipimo.
Chini ya Mama Ndesamburo, kifua arobaini na mbili,
nikaandika: nimefungwa, nilikimbiza kete ya pembeni.
Chini ya sare za kwaya, mikono mirefu:
nimefungwa. Ya pembeni tena.
Chini ya suruali ya fundi bomba,
mguu wa kushoto upunguzwe:
pembeni.
Kurasa nne, kosa moja,
mshono unaofumuka palepale kila nikiushona.
Napenda ukuta, basi. Ndiyo habari yenyewe.
Pembeni huliwi.
Pembeni huli.

Sitaficha: hamu ya kushinda ilipoingia
haikuvua viatu mlangoni.
Jumanne moja Ndekirwa akainama kumvalisha mteja raba,
nikasogeza kizibo chake.
Mraba mmoja.
Nikashinda, wapagazi wakapiga miluzi,
mmoja akaninunulia chai.
Jioni Anaeli alionja ndizi
akauliza kama nimesahau chumvi.
Nilikuwa nimetia.
Daftarini niliandika tarehe, halafu sikuandika kitu.

Alhamisi nikamwambia.
Alikuwa anapaka rangi kisigino, hakuinua brashi.
"Nilikiona. Kile chenye kutu, huwa hakikai pale."
"Mbona ulinyamaza?"
"Nilifurahi," akasema. "Angalau siku moja ulitaka."
Kisha, baada ya kisigino cha pili:
"Ila usirudie. Nitakuvunjia ubao kichwani."

Leo nimeanza katikati.
Nimemtolea kete mbili, akala, sheria inamlazimisha,
nami nikala tatu, ta, ta, ta,
nikafika kwake, nikapachika kizibo juu ya kizibo: kingi.
Mkono ulitetemeka kama sindano inayopita jinzi.
Mteja aliuliza bei ya buti mara mbili,
Ndekirwa akamjibu, "Ngoja."
Hajawahi kumwambia mteja angoje.
Mawingu yalishuka kutoka mlimani,
matone makubwa, machache, yakalia juu ya turubai,
watu wakakimbiza nguo zao ndani,
sisi hatukuinuka.
Kingi yangu na kingi yake zikawindana
hadi chai ikafanya utando.

Akanifunga.
Niliona njia imebaki moja, nikaipita, akanila.
Kicheko kilikuja hadi kooni,
nikakimeza kama kidonge kisicho na maji.
Iliuma. Sikujua kwamba huuma hivi,
sijawahi kukaa nayo.

Nikatoa penseli sikioni.
Chini ya gauni la kipaimara, pindo inchi mbili,
nikaandika: nimefungwa. Ya kati.

Ndekirwa alikuwa anafuta jasho kwa soli ya ndara,
sidhani alijua ameshika nini.

"Panga," nikasema.

Akaniangalia.