Fahali Wawili Koridoni

Kampuni imeleta modemu mpya kwa posta,
nyeupe, bapa kama sahani ya keki,
na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane.
Ruta nimeinunua mwenyewe, Detlef,
maana ulisema, mwaka ule wa mwisho,
"Usikubali kisanduku kimoja kifanye yote.
Bawabu asipike."
Sikukujibu. Nilikuwa namenya viazi.

Leo nimepiga magoti koridoni,
miwani puani, tochi mdomoni,
pale ilipokaa simu ya mezani.
Doa la bega lako bado liko ukutani,
ulipoegemea Jumapili baada ya Jumapili
ukibishana na dada yako wa Rostock.

Kebo ya kijivu, kutoka soketi hadi modemu.
Kebo nyingine, kutoka modemu hadi ruta,
kwenye tundu la buluu, si yale manne ya njano.
Nilikosea mara moja.
Haya, mara mbili.
Taa nyekundu ikanikazia jicho
kama Bi Pohlmann wa jirani
nikichelewa kuondoa theluji mlangoni.

Kisha ikageuka kijani, na bado
hakuna habari, hakuna hali ya hewa,
redio ya jikoni kimya kama jiwe.
Nimefundisha hesabu Görlitz hii miaka thelathini na mmoja;
nikachukua penseli, nikaandika namba za huku na za kule,
nikaona: zote mbili zinajiita mwenye nyumba,
zote zinagawa anwani zile zile
kwa wageni wale wale.
Fahali wawili, zizi moja.

Ndani kabisa ya kurasa za modemu,
chini ya onyo nisilolielewa,
pana neno moja: *daraja*.
Nikalibonyeza.
Nikakumbuka letu, la mtoni,
tulivyovuka kwenda Zgorzelec kununua stroberi,
wewe mbele, mimi na kikapu.
Daraja halimuulizi mpitaji jina.
Linabeba, basi.
Niliionea huruma kidogo modemu,
imevuliwa cheo siku ya kwanza kazini.

Izime, yasema karatasi, subiri dakika moja, iwashe.
Nilisubiri kwa namba tasa:
mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja…
Nilipofika mia moja na tatu nikapoteza subira.

Ruta ikataka tarakimu za barua ya kampuni
(ile niliyodhani ni herufi O ilikuwa sifuri),
ikameza, ikafikiri, ikakubali.
Halafu ikauliza: mtandao huu uitwe nani?
Kolja wa dukani alininong'oneza siri:
"Mpe jina la zamani, Bibi, na nywila ya zamani,
vitu vyako vitarudi nyumbani vyenyewe."
Nywila nimeikuta ndani ya kabati la mita,
kwa mwandiko wako wa kulalia kushoto:
pikipiki yako ya kwanza, mwaka wake,
alama ya mshangao.

Vikaja kimoja kimoja.
Simu yangu. Printa, na malalamiko yake ya wino.
Redio ikaropoka katikati ya sentensi
kana kwamba haikuwahi kunyamaza.
Na cha nne, nisichokijua: *banda-2*.

Nilikitazama kitambo.
Ndipo nikakumbuka kipimajoto chako,
ulichokitundika bandani juu ya mizizi ya dalia
siku ile nilipokwambia unapoteza wakati.
Ruta ya zamani ilikufa wiki mbili zilizopita;
wiki mbili kimekuwa kikibisha gizani
kwenye mlango usiokuwepo,
kwa nywila yako,
bila kukata tamaa, bila kubadili neno.

Kinasema: nyuzi moja na nusu. Inashuka.

Nimevaa buti. Nimepata tochi.
Detlef, yale magunia ya kufunikia,
uliyaweka wapi?